Uzito wa Lori Tupu

Miaka thelathini na mmoja nilipima ngano
kwenye ghala la ushirika, Dakota Kaskazini,
ambako upepo haukuti ukuta
na theluji hulala chali hadi Aprili.
Lori huingia limejaa, naandika.
Linamwaga, linarudi tupu, naandika tena.
Unatoa hili kwa lile: hiyo ndiyo ngano.
Asiyepima lori tupu
huwalipa watu kwa magurudumu.

Leo nimekaa kiti cha saba kati ya kumi na viwili,
raia tulioitwa kwa barua tuje tuamue.
Mbele yetu Arvilla Tostenson, miaka sabini na mitatu,
koti la rangi ya bizari, mkoba magotini
kama anayesubiri zamu kwa daktari wa meno.

Halvor wake alifariki tarehe tisa Oktoba.
Karatasi yake ya kura ikaja kwa posta tarehe kumi na mbili.
Akaijaza mezani, kando ya dawa za marehemu,
vile vile mumewe alivyokuwa akisema tangu kiangazi:
huyu hapana, huyu mwizi,
huyu wa mifereji angalau alikuja kuona maji.
Akatia saini. Ile herufi ya kwanza ya Halvor,
kama kiti kilichosukumwa nyuma.

Mwendesha mashtaka, kijana wa Bismarck, viatu vikavu,
alisema neno ambalo nimeshindwa kulitema:
kura ya maiti humfuta jirani aliye hai.
Kweli. Na jirani huyo ni nani?
Labda ni Gunnhild wa duka la mbegu,
aliyeendesha gari maili kumi na tisa juu ya barafu,
akakunja karatasi yake mara mbili, akawahi kurudi kukamua.
Yeye naye nani atamlilia?

Na mimi, nisijifiche, mwezi Machi ukumbini kanisani
walipouliza nani anataka adhabu iongezwe,
mwaka uwe mitano, mitano iwe kumi,
mkono wangu uliitangulia akili.
Nilikuwa namfikiria Krebsbach.

Krebsbach aliyepita nyumba ya wazee
na boksi la keki na kalamu mfukoni,
akatoka na bahasha arobaini na moja.
Kuna waliosahau majina ya watoto wao mle ndani;
siku hiyo wote walilikumbuka jina la shemeji yake.
Mawakili wawili. Akakiri kosa dogo, akalipa faini.
Jumapili yuko benchi la mbele, anaimba sauti ya pili.

Chumbani, kahawa ikipoa, Lindquist alisema
sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Nikasema sawa, lakini huu wetu
umekatika meno upande wa Krebsbach,
nanyi mnataka kuunoa upande huu.
Hakuna aliyejibu. Mmoja aliomba sukari.

Tukasema ana hatia. Tungesemaje?
Aliulizwa, akajibu bila kupepesa:
"Mkono ni wangu. Sauti ni ya Halvor."
Miaka ataitaja hakimu, wiki ijayo.

Nje nilimkuta anakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba.
Akanitazama muda. "Wewe ulikuwa unapima ngano yetu.
Hukutupunja hata siku moja."

Nikavua kofia kwenye baridi ile.
Nilitaka kumwambia kuhusu lori tupu,
kwamba hatukulipima, kwamba hakuna aliyetuuliza,
miaka hamsini ya shuka na supu na kuandikiana barua za benki
tumeiacha ndani ya hesabu kana kwamba nayo ni wizi.
Badala yake nikauliza
nani anamsafishia njia theluji ikianguka.

"Halvor," akasema,
kisha akainamisha kichwa mkobani
kutafuta funguo, ambazo alikuwa amezishika.